Uzi Usiolala

Ukitaka kumkasirisha Koili, mwambie kwamba gitaa la besi halisikiki. Atakutazama kama umemtukania ukoo mzima, kisha atakuuliza kwa upole wa kutisha: "Na msingi wa nyumba yako, unauona?" Ukijibu kwamba huuoni, basi umekwisha. Utakaa hapo usikilize habari za besi mpaka chai yako ipoe.

Jina la Koili alipachikwa na wenzake wa bendi, likamganda. Siku za kazi yeye ni fundi wa kusuka mota. Pampu ya maji ikiungua, feni ikigoma, mashine ya kusaga ikianza kufuka moshi, huletwa kwake. Anaifungua, anang'oa nyaya zilizoungua, anasuka koili mpya za waya wa shaba, anazipaka vanishi, anazikausha, na mota inarudi kwa mwenyewe ikizunguka kama haijawahi kuugua. Kibanda chake kimepakana na cha kinyozi, na kinyozi huyo ni mumewe. Mume huapa kwamba katika ndoa yao kinachomsumbua ni ule ukuta tu, maana kila mota inayojaribiwa upande wa pili humtikisia kioo, na mteja mwenye wembe shingoni hapendi kuona kioo kinatikisika.

Mota zinamlisha, lakini moyo wake uko kwenye lile gitaa la nyuzi nne nene. Alilishika kwa bahati tu. Alilelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, mwimbaji wa bendi, na tangu akiwa msichana alikuwa akimfuata kwenye kumbi kumbebea mkoba na viatu vya akiba. Siku moja mpiga besi alizira, akashuka jukwaani, asirudi. Shangazi akamtazama binti aliyekumbatia mkoba, akamwambia, "Weka huo mkoba. Shika hilo gitaa. Bonyeza hapa, dunda hapa, na usikunje uso hivyo, hakuna anayekuja kukuangalia wewe." Na kweli hakuna aliyemwangalia. Koili alidunda mpaka vidole vikatoka malengelenge, na tangu siku hiyo hajashuka.

Shangazi mwenyewe amekula chumvi nyingi, ila umwambie wewe kama una ubavu. Anapanda jukwaani amenyooka, anashika maiki kama mtu anayemshika mgeni mkono, na kabla hajafungua mdomo watu wameshanyamaza. Wimbo uliompa jina ni wake mwenyewe, wa polepole. Mwanamke aliyegombana na dada yake amekuja kupatana. Amesimama nje, mvua inamnyeshea, anabisha. Kila ubeti unaishia kwenye neno moja: fungua. Ile "a" ya mwisho Shangazi alikuwa akiishikilia mpaka watu kwenye viti wakaanza kuishiwa pumzi kwa niaba yake. Wapo waliolipa kiingilio miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya hiyo "a" peke yake, na mimi siwalaumu.

Kisha mapafu yakamwangusha. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, akapona. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba ugonjwa umekwisha lakini pumzi imepungua, na haitarudi yote. Sauti haikuguswa hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Sauti ilikuwa ileile, tangi la mafuta ndilo lililokuwa dogo. Bahati mbaya nayo haiji peke yake nyumbani kwa watu: mpuliza saksafoni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijaza pale Shangazi anapovuta hewa, alikwenda kuishi na watoto wake nchi ya mbali, akaondoka na saksafoni yake na pumzi yake yote.

Siku Shangazi aliporudi jukwaani, alifika ubeti wa tatu, akakata katikati ya mstari. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Ukumbi ukawa kimya, kimya kile kibaya, na mtu mmoja viti vya nyuma akapiga makofi akidhani wimbo umekwisha. Alikuwa na nia njema, masikini. Lakini Koili alimwona shangazi yake akitabasamu na kuinama kama kwamba kweli umekwisha, na akatamani jukwaa lipasuke liwameze wote wawili.

Baada ya hapo Kiongozi alimwita pembeni. Kiongozi ni mpiga dramu, ndiye mwenye bendi, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Watu humdhania mkali, lakini mimi nasema ni mwoga wa machozi tu.

"Ukumbi unapakwa rangi," alisema huku akichezea vijiti vyake. "Ukifunguliwa tunapiga Jumapili. Dada akiumaliza wimbo wake, mimi sina neno. Akikwama tena, natafuta mwimbaji mwingine."

"Kiongozi, huyu ndiye aliyekuokota wewe kwenye bendi ya harusi za watu."

"Ndiyo maana siwezi kukaa nyuma yake nikamwona anaaibika. Siwezi, Koili. Na umwambie wewe, maana mimi hata hilo siliwezi."

Koili akaitikia, akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu.

Sasa, kwenye bendi hiyo kuna mpiga gitaa wanayemwita Ndevu, ambaye hana ndevu hata moja. Ndevu anapenda vidude. Kila anachouziwa ananunua, kisha anakuja kukionyesha mazoezini kama mtu aliyepata mtoto. Jioni moja alikuja na kidude cha rangi ya fedha, ukubwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu, kina betri ndani. Akakishika kwa mkono wa kulia juu ya uzi wa gitaa, bila kuugusa. Uzi ukaanza kulia wenyewe. Haukupigwa, haukukwaruzwa, ulilia tu, sauti ndefu nyororo isiyo na mwanzo, na ukaendelea kulia Ndevu akiwa amegeuka anazungumza habari nyingine.

"Unalia mpaka lini?" Koili akauliza.

"Mpaka betri iishe," Ndevu alisema. "Au mpaka majirani waje."

Wengine wakacheka. Koili hakucheka, alikuwa anafikiria besi yake. Sauti ya besi ikishadundwa hufa upesi. Inagonga, inanguruma kidogo, inaondoka. Lakini kama besi ingeweza kushikilia sauti namna ile, kama saksafoni, basi Shangazi angekuwa na mahali pa kuegemea. Akakiazima palepale. Ndevu alikitoa kwa shingo upande, akamwambia asikifungue. Fundi kuambiwa asifungue kitu!

Kwenye besi kidude kile kilikataa. Kwa chini kina mifereji miwili ya kukalia nyuzi za jirani, na nyuzi za besi zimeachana sana, kwa hiyo mkono ulibaki ukining'inia hewani ukitetemeka. Uzi mwembamba kuliko yote uliitika kwa mbali, tena juu kabisa karibu na mwili wa gitaa. Zile nene zilikaa kimya kama hazijasemeshwa. Koili akakifungua, akachungulia ndani, akakifunga vizuri asijulikane. Aliona koili mbili. Moja inasikiliza uzi unavyotikisika, nyingine inausukuma uendelee, na katikati kuna saketi ndogo inayopeleka habari kutoka huku kwenda kule. Akajiambia: hii ni mota iliyonyooshwa. Hii naiweza.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la kifundi kabisa. Fundi wa mota akiona kitu hakizunguki, anaongeza nguvu. Ndivyo mikono yake ilivyozoea kufikiri. Uzi wa besi ni mnene, basi unataka sumaku kubwa. Akabandua sumaku kwenye spika iliyokufa. Unataka waya mnene. Akasuka kwa waya uleule wa pampu. Akaifunga kazi yake ndani ya kopo la rangi ya viatu, akalijaribu mara moja, uzi ukaruka, akafurahi. Kwa kuwa Jumapili ilikuwa inakaribia, hakungoja kulijaribu tena. Alilibeba kwenda mazoezini akiwa ameliviringisha kwenye kitambaa.

Shangazi alikuwa ameshaanza ubeti wa kwanza. Koili akaacha kudunda, akaleta kopo juu ya uzi. Sumaku ikaunyakua uzi. Ukagonga kopo kwa kishindo, ukang'ang'ania hapo, na amplifaya ikapiga mlio uliowafanya wote wazibe masikio. Ndevu akakimbilia swichi. Shangazi mstari ukampotea, akasimama ameshika kifua.

Mlio ulipokatika, Kiongozi aliweka vijiti chini taratibu. "Koili," akasema, "besi ni nguzo. Umeona wapi nguzo inaimba?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kama wangecheka.

Shangazi anakaa ghorofa ya pili. Zamani alikuwa akipanda ngazi zile huku akiimba; siku hizi anapumzika kwenye kona, kiganja ukutani, akijifanya anasoma matangazo ya mwenye nyumba. Siku hiyo Koili alimsindikiza, na Shangazi alisubiri mpaka waingie ndani, akaketi, akavua viatu, akavipanga sawasawa chini ya meza.

"Haya, mwanangu," alisema. "Sema."

"Niseme nini, Shangazi?"

"Usinichezee. Umeanza lini kuleta makopo mazoezini? Kuna kitu unanificha, na kila mtu pale anakijua. Hata Ndevu, ambaye hajui hata leo ni siku gani."

Koili akasema. Alimwambia sharti la Kiongozi neno kwa neno, na alipomaliza alibaki akitazama mikono yake yenye madoa ya vanishi. Alitegemea hasira. Shangazi ni mtu wa hasira, na hasira yake ina raha yake, inakuja na kupita na kuacha hewa safi. Lakini Shangazi aliinama, akavipanga viatu vyake upya.

"Kwa hiyo unataka kunifunika," alisema mwishowe. "Nikishindwa, watu wasikie kopo."

"Nataka kukushika, Shangazi, usianguke."

"Ni yaleyale. Mimi si mtoto wa kuvushwa barabara." Akavuta pumzi, na ilisikika ikipita. "Unajua ninachoogopa? Si kukosa hewa. Hewa inakuja, nikiingoja inakuja. Naogopa ule ukimya. Nikikata, najiona nimeachwa peke yangu na zile taa. Kama nimevuliwa nguo. Nikiwa ndani yake hata kuvuta hewa nasahau."

Katika maisha yake yote Koili hakuwahi kumsikia shangazi yake akisema anaogopa kitu. Aliona huruma, na aliona aibu pia, kwa sababu alikuwa amehangaika na mota yake wiki nzima bila kumuuliza mwenye pumzi anahitaji nini.

"Basi sitacheza juu yako," alisema. "Ukiimba, uko wewe. Ukipumzika, nitakuwepo mimi. Kazi yangu ni hapo tu, usiachwe peke yako."

Shangazi akatikisa kichwa. "Na utajuaje napumzikia wapi? Mimi mwenyewe sijui. Leo inakatika hapa, kesho pale."

 Koili alimchemshia chai, akaaga, akaondoka na lile swali.

Kesho yake alianza upya. Lile kopo alilitupa kwenye chuma chakavu na kulipa kisogo. Safari hii alitafuta waya mwembamba, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye transfoma ya redio mbovu, akausuka kwa mkono huku akizuia pumzi, maana ukikohoa tu unakatika. Ulikatika, akaanza tena. Ukakatika tena, akasema neno ambalo mumewe alilisikia ng'ambo ya ukuta.

"Mke wangu," mume akaita, "nina mteja huku."

"Mwambie azibe masikio!"

Sumaku alitumia ndogo. Nguvu alizipunguza mpaka akahisi anafanya mzaha. Alikuwa ameelewa sasa: mota unailazimisha, lakini uzi haulazimishwi. Uzi unausikiliza kwanza, unangoja unapokwenda, kisha unauongezea kidogo palepale unapotaka kwenda wenyewe. Kama mtu anavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma kabla hajarudi unamwangusha.

Alipomaliza kulehemu alikileta kidude kipya juu ya uzi mnene, akaudunda kidogo kuuamsha. Uzi ukanyamaza mara moja. Akaudunda tena, ukanyamaza tena, upesi kuliko kawaida yake, kama umewekewa kiganja. Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Koili aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu ugonjwa huo anaujua kama anavyoijua njia ya nyumbani. Mota mpya ikizunguka kinyume, fundi hailaumu. Anageuza ncha mbili za waya tu. Kidude kilikuwa kinasukuma wakati uzi unarudi, kwa hiyo kilikuwa kinauzima. Akazigeuza ncha, akalehemu, akajaribu.

Mwanzoni hakikusikika kitu. Halafu chini kabisa kitu kilianza kunguruma, kikapanda, kikanenepa, na sauti nzito ndefu ikakijaza kibanda mpaka misumari ikachezacheza ndani ya bakuli. Haikuwa sauti ya kudunda. Ilikuwa kama mtu mkubwa anayeimba amefunga mdomo. Koili aliishikilia, akasahau kuondoa mkono.

Mumewe akachungulia mlangoni, kitana mkononi. "Mteja anauliza, humu ndani mmeanza kufuga ng'ombe?"

"Mwambie ndiyo," Koili alisema. "Na amezaa."

Lakini swali la Shangazi lilikuwa bado limekaa palepale. Uzi mnene ni mvivu kuamka. Kati ya kuleta kidude na kusikia sauti, kunapita muda wa kutosha kabisa wa mtu wa viti vya nyuma kupiga makofi. Koili angeweza kuuamsha mapema kama angejua Shangazi atakatia wapi, na hilo hakuna aliyelijua. Alilizungusha kichwani huku akisuka mota za watu, akakosea moja, akairudia bure.

Jibu lilitoka kwenye mkono wenyewe. Aligundua kwamba kidude kikiwa mbali na zile sumaku za gitaa zinazonasa sauti, kule karibu na shingo, uzi unatikisika lakini kwenye spika hausikiki sana, ni mvumo wa chini tu. Ukikitelezesha kuelekea sumaku, sauti inapanda mara moja, bila kuchelewa, kwa sababu uzi uko macho tayari. Basi hakuna haja ya kujua Shangazi atakatia wapi. Uzi usilale tu. Tangu neno la kwanza la wimbo uwe macho chini kwa chini, na mkono ungoje.

Ilibaki kumshawishi Kiongozi, maana mkono ulioshika kidude haudundi, na besi ikiacha kudunda dramu inabaki uchi. Koili alimfuata nyumbani kwake, akamkuta anafua.

"Unaniomba nipige bila besi," Kiongozi alisema.

"Nakuomba upige polepole. Ule wimbo mmoja tu. Chukua vile vijiti vyenye waya, ufagie badala ya kugonga."

"Nifagie." Alikamua shati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Miaka yote hii mpiga dramu, leo niwe mfagizi."

"Kiongozi, ulisema huwezi kumwona akiaibika. Na mimi siwezi. Nisaidie."

Kiongozi akatundika shati, akalinyoosha mikunjo, akachelewa sana kugeuka. Kisha akasema atafagia, lakini likiharibika jambo, asije mtu kumlaumu.

Jumapili mchana ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi. Madirisha ya juu yalifunguliwa, jua likaingia na kukaa sakafuni, na watu walijaa, maana walikuwa wamekosa muziki kwa muda. Shangazi alivaa gauni la kijani. Waliimba nyimbo za haraka kwanza, nyimbo ambazo pumzi unaiba kati ya neno na neno na hakuna anayekuona. Kisha Ndevu akapiga zile noti za mwanzo wa wimbo wenyewe, na watu wakaegemea mbele kwenye viti. Koili aliona mgongo wa shangazi yake ukinyooka zaidi, akajua anaogopa.

Akakileta kidude juu ya uzi, kule mbali karibu na shingo. Kiongozi akaanza kufagia. Ubeti wa kwanza ukapita. Fungua ya kwanza ilikuwa fupi kuliko zamani lakini ilisimama kwa miguu yake. Wa pili ukapita, na kwenye fungua yake Koili alisikia sauti ikikwanguka kwa mwisho kama nguo iliyopita kwenye msumari. Uzi ulikuwa macho chini ya vidole vyake. Jasho lilimshuka mgongoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Ubeti wa tatu Shangazi alifika mstari wa mwisho, "nimelowa, dada yangu, nimekuja, tafadhali," na pumzi ikakata. Ilikata kabla ya neno lenyewe. Mdomo ulikuwa wazi, kama siku ile.

Koili akatelezesha mkono. Sauti ikapanda kutoka chini, nzito, bila kishindo, ikaenea chini ya viti na juu ya vichwa na kukaa hapo. Kiongozi akaacha hata kufagia. Shangazi alikuwa amefumba macho. Hakuharakisha. Mabega yakapanda, yakashuka, yakapanda tena, na ukumbi mzima ukamwona anavuta hewa, na hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanangoja. Mwanamke mmoja wa kiti cha mbele aligeuza shingo akatazama mlango wa ukumbi, kuona kama kuna mtu anaufungua.

"Fungua," Shangazi akasema.

Hakuivuta ile "a". Alilisema neno kama mtu anavyolisema akiwa amesimama mbele ya mlango hasa, na anamjua aliye ndani. Urefu wake uliendelea kwenye uzi. Koili alikuwa analia waziwazi, pua inamvuja, mkono umetulia.

Hapo ndipo wimbo ule huishia. Miaka yote uliishia nje, mvuani, na Kiongozi hugonga mara moja kuufunga. Alishainua kijiti. Shangazi akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, kijiti kikabaki juu. Akarudi hatua kwa Koili, akainama akamwambia sikioni, "Usiuachie. Kuna ubeti mwingine."

"Upi?" Koili akanong'ona.

"Sijui. Naukuta hukohuko."

Akarudi kwenye maiki. Akavuta hewa kwa nafasi yake, mbele ya watu wote, na akaimba kwa sauti nyingine, ya chini, sauti ya yule dada aliye ndani.

"Nilikusikia mapema," aliimba, akapumua. "Nilikusikia tangu ngazi ya kwanza." Akapumua tena, uzi ukamngoja. "Mikono inatetemeka, ufunguo siuoni."

Nyuma yake Koili alimsikia Kiongozi akisema, "Yule mwimbaji mwingine, sahau nilichosema." Koili hakugeuka. Mkono wake ulikuwa na kazi.

Shangazi alipumua kwa mara ya mwisho, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Ingia," aliimba.